Mbwa wa Shamba Ahasiwe Lini?

Ndugu mkulima, mvua za kupandia zinapokaribia katika bonde la Kilombero, watu wengi wa Ifakara hufunga mizigo na kuhamia mashambani. Ukipita Viwanja Sitini wakati huo utakuta baiskeli zimebeba magodoro, sufuria, mbegu za mpunga na kuku waliofungwa miguu, na nyuma ya baiskeli mbwa anakimbia, ulimi nje. Mbwa huyo haendi kutembea, anakwenda kazini. Mpunga ukishatoa masuke, nguruwe pori wanaweza kuuvuruga sehemu kubwa kwa usiku mmoja tu, na mchana kuna ngedere na nyani. Mtu aliyelala kwenye dungu bila mbwa hulala jicho moja.

Sasa tuseme mbwa huyo ni dume, na mpunga ukiwa unakomaa, jike wa shamba la ng'ambo anaingia kwenye joto. Dume wako ataondoka. Atakaa huko siku tatu, nne, pengine wiki nzima. Atarudi amekonda, sikio limechanika, mguu mmoja anauchechemesha, na wewe utakuwa umekesha peke yako ukipiga debe. Ndipo mkulima anaposema, "Mwingine nitakayempata nitamhasi angali mchanga, asinisumbue." Akiletewa mtoto wa mbwa wa miezi miwili humwita fundi wa kijijini mwenye wembe wake, au humwendea bwana mifugo na kumwambia, "Bwana mifugo, huyu mkate sasa hivi. Akiwa mdogo hasikii maumivu."

Kuna makosa mawili katika maneno hayo. Kosa la kwanza ni lile la maumivu, na hilo tutalirudia mbele. Kosa la pili ni "sasa hivi". Kumhasi mbwa ni jambo jema katika hali nyingi, wala kipindi hiki hakikusudii kukukataza. Lakini umri wa kumhasi si jambo la kubahatisha. Mbwa mmoja aweza kuhasiwa akiwa na miezi sita asipate dhara lolote la viungo, na mwenzake aliyehasiwa umri huo huo akawa kilema wa goti kabla hajakulindia misimu mitatu. Tofauti yao iko wapi? Tuitazame.

Kuhasi maana yake nini

Dume akihasiwa huondolewa korodani zote mbili. Jike hufunguliwa tumbo akaondolewa vifuko vya mayai, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia. Wengine husema "amefungwa kizazi", lakini kwa mbwa hakuna kilichofungwa. Kimetolewa na hakirudi. Ndiyo maana kazi ya jike ni kubwa zaidi, huchukua muda mrefu zaidi, na gharama yake huwa juu.

Watu wengi hudhani viungo hivyo vina kazi moja tu, kuzaa. Sivyo. Korodani na vifuko vya mayai hutengeneza homoni, na homoni hizo huingia katika damu na kuzunguka mwili mzima. Mfugaji wa ng'ombe analijua jambo hili hata kama hajasoma darasani. Mtazame dume aliyehasiwa akiwa ndama, yaani maksai: mara nyingi miguu yake ni mirefu kuliko ya fahali wa umri wake, na shingo haina ile nundu ya misuli. Hakulishwa tofauti na mwenzake. Kilichokosekana ni homoni.

Sababu ya miguu kuwa mirefu ni hii. Mfupa wa mnyama mchanga hukua kwa urefu kutoka karibu na ncha zake, mahali palipo na utepe wa gegedu laini. Mnyama anapobalehe, homoni za uzazi huusaidia utepe huo ugeuke kuwa mfupa mgumu, na kukua kwa urefu kukoma. Ukiziondoa homoni kabla ya wakati wake, utepe hukawia kufunga, na mfupa huendelea kurefuka wakati ambapo ulipaswa kuwa umekwisha simama. Kwa maksai wa kuvuta jembe haina neno kubwa. Mwendo wake ni wa taratibu. Lakini mbwa hukimbia, huruka mifereji, hugeuka ghafla akimfukuza nguruwe. Mifupa miwili inayokutana kwenye goti au kwenye nyonga ikikua bila kulingana vizuri, uzito huangukia mahali pasipostahili, na kano zinazolishikilia goti hulemewa.

Yaliyoonekana Marekani

Katika Chuo Kikuu cha California, kule Davis, kuna hospitali kubwa ya wanyama ambayo hutunza kumbukumbu za kila mbwa anayetibiwa. Watafiti wakiongozwa na Benjamin Hart walizipitia kumbukumbu hizo. Taarifa yao ya kwanza ilitoka mwaka 2013, nayo ilihusu mbwa 759 wa aina iitwayo Golden Retriever, mbwa wakubwa wenye manyoya ya rangi ya dhahabu. Waliwagawa katika mafungu: waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka, waliohasiwa baada ya hapo, na wasiohasiwa kabisa. Wakatazama kano kubwa ya goti. Miongoni mwa wale wasiohasiwa hawakumkuta hata mmoja aliyekatika kano hiyo. Miongoni mwa waliohasiwa mapema, madume 5 hivi katika kila 100 walikuwa wamekatika, na majike 8 hivi katika kila 100. Ugonjwa wa nyonga nao ulikuwa maradufu kwa madume waliohasiwa mapema.

Mwaka 2016 wakaleta habari za mbwa wa Kijerumani, yule ambaye sisi humwita mbwa wa polisi. Madume wasiohasiwa waliopata ugonjwa mmoja au zaidi wa viungo walikuwa karibu 7 katika 100. Waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walikuwa karibu 21. Majike waliohasiwa mapema walikuwa na tatizo jingine pia, la kuvuja mkojo bila kujijua. Unamkuta jike amelala, akiinuka mahali pale pamelowa. Wengine humpiga wakidhani ni utundu, kumbe misuli ya kibofu imelegea.

Najua utaniambia: hao ni mbwa wa Wazungu, wanalala ndani, wanakula nyama ya kopo, mimi wangu anakula ukoko wa ugali na vichwa vya samaki. Hoja yako ni ya haki, nami nisingependa mkulima yeyote achukue hesabu za California azipachike kwenye banda lake bila kufikiri. Bahati nzuri watafiti hao hao hawakuishia kwa mbwa wa aina maalumu. Mwaka 2020 walitoa taarifa juu ya mbwa wa mchanganyiko, wasio na ukoo unaojulikana, ambao kwa hilo wanafanana na wa kwetu. Hao hawakugawanywa kwa majina ya ukoo. Waligawanywa kwa uzito wanaoufikia wakiwa wazima. Na hapo ndipo penye jibu la mkulima. Mbwa wanaofikia kilo 20 na kuendelea walipata magonjwa ya viungo zaidi wakihasiwa mapema. Mbwa wasiofikia kilo 20 hawakuonekana kuzidiwa na magonjwa hayo, hata walipohasiwa mapema.

Mpime mbwa wako

Wengi wa mbwa wetu wa kienyeji hawafikii kilo 20, hata wakiwa wazima na wamenenepa baada ya mavuno. Lakini siku hizi mambo yamechanganyika. Watu wanaleta mbwa kutoka Morogoro na Dar es Salaam, wakubwa, wa kulinda maduka na mashine, nao wanazaana na wa kienyeji. Kwa hiyo usikisie kwa macho. Pima.

Kila mashine ya kukobolea mpunga ina mzani. Nenda wakati hapana foleni, usije ukatukanwa na wenye magunia. Panda mzanini umembeba mbwa wako, soma kilo. Kisha mshushe, panda peke yako, soma tena. Toa ya pili katika ya kwanza. Kinachobaki ni uzito wa mbwa. Ikiwa mzani ni wa kuning'inia, mtie kwenye gunia kichwa kikiwa nje, na mtu anayemzoea awe karibu naye.

Kama ni mtoto, mpime mama yake. Baba kwa kawaida hajulikani, na hata akijulikana huwa yuko mbali, lakini mama yupo. Mama mwenye kilo 14 au 15, ambaye watoto wake wanaonekana wa kawaida, hakupi sababu ya kungoja mwaka mzima. Mama mwenye kilo 25, au watoto wenye nyayo kubwa zisizolingana na miili yao, hao ni wa kungoja.

Basi kwa mbwa mdogo wa kienyeji, miezi sita hivi ni umri wa kufaa. Kwa mbwa mkubwa, mwache apite mwaka mmoja kwanza. Na kama ni mbwa wa Kijerumani au chotara wake wa karibu, hao hao watafiti wa Davis wanashauri angojewe hata apite miaka miwili. Kungoja huko kuna adha yake, maana utakuwa na dume kamili kwa muda wote huo, na itakubidi umfunge siku ambazo majike wa jirani wako kwenye joto. Mimi naona adha hiyo ni ndogo kuliko kulisha mbwa asiyeweza kukimbia.

Habari za jike

Kwa jike hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu kuna mambo mawili yanayovutana.

Upande mmoja ni viungo na mkojo, ambao tumekwisha uona. Utafiti mwingine uliotolewa Marekani mwaka 2004, wa mbwa zaidi ya 1,800 waliochukuliwa kutoka nyumba za kulelea mbwa, ulionyesha kuwa majike waliohasiwa kabla ya miezi mitatu ndio waliosumbuliwa zaidi na kuvuja mkojo. Kwa hiyo jike wa miezi miwili asiguswe, hata akiwa mdogo wa mwili, hata daktari akiwa amefika kijijini siku hiyo.

Upande wa pili ni mfuko wa uzazi na matiti. Jike asiyehasiwa, kila baada ya joto mfuko wake wa uzazi hujiandaa kupokea mimba, awe amepandwa au hakupandwa. Miaka inavyokwenda, maandalizi hayo yanayorudiwa huacha ngozi ya ndani imevimba na laini, vijidudu hupata mahali pa kukaa, na mfuko hujaa usaha. Huko Sweden, ambako mbwa wengi hawahasiwi na wengi wana bima, hesabu zilionyesha kuwa kati ya robo na moja ya tano ya majike hupata ugonjwa huu kabla ya kufikia miaka kumi. Dalili zake huja wiki chache baada ya joto: anakunywa maji mengi kuliko kawaida, hali, tumbo linajaa, na wakati mwingine usaha unatoka nyuma. Huyo usimngojee apone. Asipopasuliwa upesi hufa, na shambani kwetu hufa watu wakisema amelishwa sumu.

Saratani ya matiti nayo huwapata majike wenye umri. Tangu mwaka 1969 madaktari wa mifugo wamekuwa wakifundishwa kuwa jike aliyehasiwa kabla ya joto la kwanza karibu hapati kabisa saratani hiyo, na kwamba kinga hiyo hupungua akishapita joto la kwanza, hupungua tena akipita la pili. Siku hizi wako wataalamu wanaosema ushahidi wa jambo hilo si mzito kama ulivyofikiriwa. Hata hivyo hakuna aliyeonyesha kinyume chake.

Ukiyaweka yote pamoja, jike mdogo wa kienyeji yafaa ahasiwe akiwa na miezi mitano au sita, kabla ya joto la kwanza, ambalo aghalabu huja kati ya miezi sita na mwaka. Jike mkubwa na angoje apite mwaka. Lakini jike asihasiwe akiwa katika joto, kwa kuwa mishipa ya damu ya mfuko wa uzazi huwa imejaa na anaweza kupoteza damu nyingi. Subiri miezi miwili au mitatu baada ya joto. Akiwa ananyonyesha, ngoja watoto waache ziwa na matiti yakauke.

Liko jambo moja zaidi ambalo vitabu vya Ulaya hulitaja kwa ufupi, lakini sisi tunalo mlangoni. Ni ule uvimbe mwekundu wa sehemu za siri, unaofanana na ua la koliflawa, unaotoa damu tone kwa tone. Umewahi kumwona mbwa akijilamba bila kukoma na damu inadondoka njiani? Huenda ni huo. Ni saratani ya ajabu, maana huambukizwa: chembe zake zenyewe hutoka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine wanapopandana, au wanaponusana na kulambana, kwa hiyo pengine utauona puani. Mbwa wanaozurura ndio wanaougua zaidi. Dawa ya sindano ipo, daktari wa mifugo huitoa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, na wengi hupona. Mbwa asiyepanda wala kupandwa ana nafasi ndogo sana ya kuupata. Kwa mbwa wa bonde letu mimi naihesabu hii kuwa faida kubwa mno ya kuhasi.

Je, ataacha kulinda?

Hili ndilo wakulima hunong'onezana. Wanaogopa kwamba dume akihasiwa atakuwa mzembe, atalala tu.

Kubweka anapomsikia nguruwe au mgeni hakutoki kwenye korodani. Majike wanalinda vizuri sana, na kila mtu aliyefuga anajua. Kinachopungua kwa wengi ni kufuata majike, kupanda ovyo, na kukojoa kila kona. Ila nisikudanganye kwamba mambo hayo huisha kwa kila mbwa. Huko Puerto Natales, mji wa kusini kabisa mwa nchi ya Chile, watafiti waliwafuatilia madume wanaozurura mitaani kabla na baada ya kuhasiwa, na taarifa yao ya mwaka 2016 ilisema kuwa tabia za kutafuta majike na ugomvi hazikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Mbwa mzima aliyekwisha zoea njia za mtaa huzifuata kwa mazoea. Kwa hiyo kama unataka mbwa anayekaa shambani, mlishe shambani, mzoeze kamba tangu mdogo, na usitegemee kisu kifanye kazi ya malezi.

Liko na jambo la woga. Zipo taarifa zinazoonyesha kuwa madume waliohasiwa wakiwa wadogo sana huelekea kuwa waoga zaidi, wakishtuka kwa kelele na wageni. Mbwa mwoga si mlinzi mzuri, tena huuma kwa hofu. Hiyo ni sababu nyingine ya kutomkatia mtoto wa miezi miwili.

Jambo la unene halitatusumbua wengi wetu. Mbwa aliyehasiwa hutumia chakula kidogo kuliko alipokuwa kamili, kwa hiyo yule anayelindia duka na kutupiwa mabaki kutwa nzima apunguziwe. Wa shambani anakimbia vya kutosha.

Wembe na kisu

Sasa turudi kwenye maumivu. Mtoto wa mbwa anasikia maumivu kama wewe unavyosikia. Ananyamaza kwa sababu ameshikwa na watu watatu, au kwa sababu amezimia kwa mshtuko. Kumhasi mbwa kwa wembe bila dawa ya usingizi, kisha kumpaka majivu au mafuta machafu ya gari, ni kumtesa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Licha ya sheria, ni hasara. Kidonda hicho huvuja damu ndani, huoza, huingiwa na mabuu ya nzi. Na mbwa anayekatwa huku akitazama huuma; mtu akiumwa na mbwa ambaye hajachanjwa, hapo ndipo matatizo makubwa yanapoanza, kama tutakavyoona.

Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo. Anza na afisa mifugo wa kata yako, ndiye atakayekuambia daktari anapatikana siku gani Ifakara. Kwa mbwa mwenye tatizo zito, mathalani jike mwenye usaha tumboni au dume ambaye korodani moja haikushuka, ukiweza safari, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina hospitali ya wanyama na kinafundisha madaktari wa mifugo.

Wakati mzuri ni kiangazi, baada ya mavuno, kuanzia mwezi Juni hivi. Masika kuna matope na nzi, na tena masika una kazi na mbwa wako. Kiangazi mpunga uko ghalani, mbwa ana nafasi ya kulala.

Kabla ya kumpeleka mfungue mdomo utazame ufizi wake. Ufizi wa mbwa mzima una rangi kama ya ulimi wako. Ukiwa mweupe, damu yake ni kidogo: huenda ni kupe, huenda ni minyoo, na kwa mbwa waliotoka maporini upande wa ndorobo huenda ni ugonjwa wa ndorobo, hasa kama jicho limeingia ukungu. Mbwa huyo atibiwe kwanza. Siku ya kupasuliwa mbwa mkubwa asile tangu usiku, lakini mtoto wa miezi michache usimnyime chakula muda mrefu hivyo. Muulize daktari saa ngapi aache. Mwambie daktari umri, uzito, na siku ya joto la mwisho kama ni jike.

Akirudi nyumbani, mlaze mahali pakavu, penye kivuli, juu ya gunia safi. Asioge, asiingie mtoni wala jarubani kwa siku kumi hadi nyuzi zitoke. Mzuie asijilambe, ndoo ndogo ya plastiki iliyotobolewa kitako na kuvishwa shingoni hufaa, ingawa watoto wa mtaa watamcheka. Kidonda kitazame asubuhi na jioni. Kikivimba na kuwa cha moto, kikitoa usaha au harufu, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kuhasi si kuchanja

Nimeacha jambo hili mwisho, lakini kwa uzito ndilo la kwanza. Wapo wanaoamini kuwa mbwa aliyehasiwa hapati kichaa. Anapata. Akiumwa na mbwa au mbweha mwenye kichaa ataugua kama mwingine yeyote, na atakuuma wewe na watoto wako.

Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, na wengi wao ni wa Afrika na Asia, tena watoto ni wengi mno miongoni mwao. Hapa kwetu, kuanzia mwaka 2010, zilifanyika kampeni kubwa za kuchanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa Tanzania pamoja na Pemba, wilaya za Kilombero na Ulanga zikiwamo. Katika kampeni hizo mbwa hawakuhasiwa wala hawakuuawa, walichanjwa. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Hazikuhitajika hesabu za mbwa kupungua. Ilihitajika sindano.

Kwa hiyo kama una fedha ya jambo moja tu mwaka huu, chanja. Kuhasi kunaweza kungoja mwaka ujao, na kama ulivyoona, kwa mbwa mkubwa kungoja huko ni heri yake. Chanjo haingoji. Tena siku ya kampeni walete na watoto wadogo kabisa. Wengi huwaacha nyumbani wakidhani hawajafikia umri, kumbe hao ndio wanaobebwa na watoto, na kwa hesabu ya mbwa wetu, ambao wengi hufa na wengine kuzaliwa kila mwaka, ukiwaacha hao umeacha sehemu kubwa.

Na mtu akiumwa, mbwa awe amehasiwa au hakuhasiwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kupata sindano. Usingoje uone kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna dawa.

Jambo dogo la mwisho, kwa wale watakaohasi madume kiangazi hiki. Dume aliyetoka kwa daktari leo bado ana mbegu zilizobaki katika mirija, na anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa. Mfunge mwezi mmoja na nusu. La sivyo jirani atakuja kukuonyesha watoto watano wenye masikio ya mbwa wako, na hutakuwa na la kumjibu.